Nilivyong'oa chai ya jirani nikisema nalinda uwanja wa kokwet

Wakuu, chamgei nyote.

Nimesoma nyuzi zenu hapa muda mrefu bila kuandika kitu. Leo naandika. Sitaweka chumvi, na pale nilikuwa mbaya sitajipaka mafuta. Haya yalinipata mimi mwenyewe, huku upande wa Chepseon, na watu walioyaona bado wako hai, na wengine wako na simu nzuri kuliko yangu. Nikidanganya watanianika hapa hapa.

Kabla hamjaanza kunisahihisha Kiswahili, mimi niliacha shule darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja. Mkiona neno limekaa vibaya, lirukeni.

Lakini msinione mjinga. Nilianza kuchuna majani ya chai kwenye estate kikapu kikiwa kinanizidi urefu. Nikatoka hapo nikanunua mkokoteni, nikabeba mahindi ya watu sokoni. Nikapata shamba, nikapanda chai yangu, nikaweka ng'ombe wa gredi. Nyumba yangu ni ya mawe na sikuomba mtu hata msumari. Watoto wangu wamesoma kunipita, na wakija nyumbani bado nikiongea wananyamaza.

Nawaambia haya mjue ni mtu wa aina gani anaandika. Ni mtu amezoea kusikizwa.

Na hapo ndipo shida ilitoka.

Kwa wale si wa huku, kokwet ni ujirani wetu, zile nyumba zinazojuana, na pia ni mkutano wa majirani wa kuamua mambo. Kokwet yetu iko na uwanja. Ni nyasi tu, iko katikati ya mashamba ya chai, inatoka barabarani ikiteremka mpaka kwa mto.

Ndama wanalishwa hapo. Vijana wanacheza mpira hapo. Gari la majani likichelewa, wamama wanakaa hapo na vikapu wakisema watu. Siku ya mazishi magari yanaegeshwa hapo. Na nyumba mbili zikikosana, tunakaa kwenye hiyo nyasi mpaka ziongee.

Wale waliogawa mashamba zamani waliuacha uwe wa wote.

Sasa mnajua kitu cha wote. Kila mtu analamba kidogo. Mmoja alisukuma nepia yake, ile nyasi ya ng'ombe. Mwingine akapanda blue gum upande wa mto. Mwingine banda la kuku. Ikafika mahali vijana wakapiga kona wakiwa wamesimama ndani ya mahindi ya mtu, na mwenye mahindi anawafukuza na fimbo.

Naibu wa chifu akaleta habari kwamba kaunti itazungushia uwanja seng'enge. Lakini kwanza sisi wenyewe tukague mipaka, tukubaliane, halafu sevea, mpima ardhi, aje athibitishe. Tukakaa mkutano, kamati ikachaguliwa, mimi nikawekwa mbele.

Niliwekwa kwa sababu moja. Naambia mtu makosa yake usoni. Rafiki yangu wa rika, Arap Rono, mtu wa mzaha tangu tukichunga pamoja, alisimama akasema, "Tumpatie huyu. Huyu hata akiota ndoto mbaya anaamka anaigombanisha."

Watu wakacheka, mikono ikapanda juu.

Nilifurahi. Sitaficha. Usiku huo nilipiga viatu rangi.

Kwetu mpaka haukaguliwi mwenyewe akiwa hayuko. Kila mwenye shamba anasimama kwa kona yake, kamati inapita, anaulizwa, "Ni hapa?" Na jirani wa ng'ambo anaulizwa pia. Wakikubali wote, tunapiga kigingi tunasonga.

Tulianza asubuhi, maziwa yakishaenda. Watu walikuwa wengi kama harusi. Vijana na majembe na panga, wamama nyuma, mimi mbele na fimbo.

Mwenye nepia alijaribu kusema nyasi ilijipanda yenyewe.

Nikamwambia, "Hata mimi nilijipanda kwa hii kamati. Kata."

Akakata, watu wakipiga makofi.

Mwenye blue gum akaomba miti ikomae kidogo auze, ndio ang'oe. Ni mtu wetu, baba yake tulimzika pamoja. Tukamkubalia. Wa kuku tukamwambia ahamishe akipata mbao. Akashukuru.

Shikeni hilo la kupewa muda, wakuu. Wakati huo mimi sikuuona. Niliona tu kazi inaenda vizuri na jina langu linatajwa.

Tukafika sehemu ya juu, ambapo uwanja ni mwembamba. Upande mmoja ni ua langu la kayaba, ule mti wa miiba wenye matunda ya njano. Ng'ambo, kuangaliana na mimi, ni chai ya Mama Kemunto.

Mama Kemunto ni mjane. Ni Mkisii. Bwana yake alikuwa wa estate kama mimi. Akanunua hiyo shamba kwa mtu wetu kwa njia safi, wazee wakiona, akajenga. Alikufa watoto wakiwa wadogo. Huyu mama akawalea kwa hiyo chai, laini kwa laini. Ukisimama juu ukaangalia chai yake, ni kama kitanda kimetandikwa na mtu anangoja mgeni. Mimi ni mtu wa chai na nakubali, yangu haijawahi kukaa hivyo.

Upana wa uwanja hapo juu unajulikana. Umeandikwa kwenye ramani ya kwanza ya mashamba, na sisi wazee tunao kichwani. Kwa hivyo nikasema kitu rahisi. Tuweke tepe kwa ua langu, tuvute, na pale upana utatimia ndio mpaka wa ng'ambo.

Mimi nikashika mwanzo wa tepe nikaubandika kwa kayaba. Arap Rono akavuta akienda. Upana ukatimia akiwa ameingia ndani ya chai ya Mama Kemunto. Laini mbili nzima zikawa upande wa uwanja.

Mama Kemunto akasema, "Baba Chebet, hizi laini zilipandwa na marehemu. Ulikuwa hapa. Ni wewe ulituazima kamba ya kunyoosha."

Nikasema, "Mimi sikumbuki kamba. Naona tepe."

"Basi turudie. Tuanzie kwangu, tuvute tukija kwako. Tuone itaishia wapi."

Wakuu, hiyo ni akili ya kawaida. Hata mtoto angesema sawa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kokwet nzima na viatu vyangu vimeng'aa, na mtu ameniambia nirudie.

Nikasema, "Tukianzia kwako si tutafika Kisii."

Vijana wakaanguka kwa kicheko. Arap Rono alicheka nusu halafu akaacha.

Mama Kemunto hakucheka wala hakupandisha sauti. "Mimi nimeuliza tepe. Sijauliza Kisii."

Ile kicheko ilikuwa imeshanipanda kichwani kama busaa. Nikamwambia, "Mtu wa kuja hapimii wenyeji. Ulikuja ukakuta mpaka, na utauacha."

Hapa nisimame kidogo kwa wale wako mbali. Mtu wa kuja. Kwenu labda ni maneno tu. Huku kwetu, kuna miaka neno hilo lilisemwa mchana, na jioni nyumba ya mtu ikawa moshi. Mimi nina miaka ya kulijua. Na nilimwambia mjane, kwenye nyasi ambayo tunapatanishia watu.

Halafu nikachukua jembe kwa kijana mmoja nikapiga mimi wa kwanza.

Chai si sukuma wiki. Mzizi wake umeenda chini na umeshikana na udongo kama meno. Vijana walipiga, wakakata, wakavuta, jasho likatoka. Nilikuwa nawahimiza. Nilisema kitu cha umma hakingoji.

Na Mama Kemunto, mnajua alifanya nini? Alifungua leso kiunoni, akaingia mbele ya majembe, akaanza kuchuna. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, haraka haraka, ile mikono ya mtu wa chai, anawahi kila mti kabla jembe halijaufikia. Hakulia. Akifika mwisho wa laini anarudi kwa ingine. Vijana wakaanza kupunguza mwendo wakimngoja amalize mti. Mimi nikawaambia wasingoje.

Hiyo picha ndiyo huwa inakuja nikijaribu kulala.

Ngojeni niende nikamue, nitarudi.

Nimerudi. Naona kuna mmoja ameandika "mzee fika kwa point". Kijana, nafika. Mahali naenda si pazuri, ndio sikimbii.

Nilifika nyumbani nikiwa najisikia simba. Mama Chebet, mke wangu, akanipa chai. Hakuwa amekuja uwanjani, alikuwa na ng'ombe mgonjwa. Nikamhadithia yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

Akauliza, "Mlianzia wapi kupima?"

"Kwa kayaba."

"Kayaba gani?"

"Kwani tuko na ngapi?"

"Hii ni ya tatu," akasema. "Ya kwanza tulipanda nikiwa na mimba ya Chebet."

Nikamwambia uwanja ni kazi ya kamati, si ya jikoni. Akabeba kikombe chake akaenda kumalizia kwa ng'ombe.

Sasa nieleze hiyo kayaba, kwa sababu nafikiri wengi wenu wenye mashamba mko na hii shida na hamjui.

Ua la kayaba likizeeka linakuwa nene na chini linabaki mashimo. Kuku wanapita, mbwa wanapita. Huwezi kuling'oa lote upande upya, maana ng'ombe wataingia kwa mahindi kesho. Kwa hivyo unapanda laini mpya upande wa nje, unaacha ya zamani ikulindie. Ile mpya ikishafunga, unakata ile ya ndani unafanya kuni. Hakuna mtu anapanda mpya upande wa ndani, kwa sababu huko ndani tayari kuna mboga au kuna banda. Kila mtu huku anafanya hivyo. Baba zetu walifanya hivyo. Na kila ukifanya, ua linatoka nje kwa upana wake lenyewe.

Nasi tulikuwa tumefanya mara mbili. Mimi nikilipa vijana wakate, Mama Chebet akipanda. Mara zote mbili sikufikiria kuiba hata nyasi moja. Nilifikiria kuku.

Asubuhi nilizunguka ndani ya boma kama mtu amepoteza ufunguo. Nikaona visiki. Laini moja karibu na bomba la maji, inachipuka bado, nimekuwa nikiikata kila mwaka nikiilaani. Laini ingine ndani zaidi, karibu na banda la ndama. Nikasimama kwa hiyo ya ndani nikaangalia ua langu la sasa. Kutoka hapo mpaka hapo ilikuwa upana wa laini mbili za chai. Na kitu kidogo.

Tepe haikudanganya. Ni mimi nilikuwa nimeishika mwanzo.

Kama ningetoka hapo hapo nikaenda kwa Mama Kemunto, hii uzi ingekuwa fupi, na labda nisingeiandika. Watu wanakosea. Lakini sikutoka. Nilichukua mavi ya ng'ombe kwa toroli nikayamwaga juu ya vile visiki.

Ndiyo. Nilivifunika.

Nikajiambia, sevea atakuja na mashine zake, atasema yeye. Akisema, nitashtuka kama watu wengine. Nitasema, "Kumbe." Nilikuwa nimepanga hata sauti nitatumia. Mtu mzima wa umri wangu, nakunywa chai peke yangu nikifanya mazoezi ya kushangaa.

Mama Chebet aliona hiyo mavi. Alianza tu kunipikia bila kuniuliza nataka nini.

Zikapita siku. Halafu mchana mmoja nikiwa kwa barabara nikaona pikapu imetoka kwa Mama Kemunto. Nyuma kuna kitanda, kabati, na meza imepinduliwa miguu juu. Dereva ni ndugu yake, namjua. Nilimpungia mkono. Aliniangalia akaendelea.

Arap Rono alikuwa amekaa nje ya duka. Akaniambia, "Unaona kazi ya kamati? Hata kitanda kimejua ni cha kuja."

Hakuwa anacheka.

Hapo moyo ulishtuka kweli. Niliona huyo mama anaenda. Ataacha chai yote, si laini mbili tu, na kaburi la bwana yake liko hapo nyuma ya nyumba. Na anaenda kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikanunua sukari na unga na mafuta ya kupika. Sikupitia uwanjani. Nilizungukia chini kwa mto, nikapanda na njia ya punda, nikatokea jikoni kwake kwa nyuma.

Alikuwa anachambua mboga. Aliangalia ile mifuko.

Nikasema, "Mama Kemunto, naona tulikosea kidogo kupima."

"Nani walikosea?"

"Kamati."

"Kamati iko wapi? Mimi naona wewe na sukari."

Nikajaribu tena. Nikasema kayaba inasonga, nikasema hata yeye anajua, nikasema sevea akija mambo yatanyooka, asiwe na haraka ya kuhama.

Akaendelea na mboga yake. Akasema, "Baba Chebet, ulipong'oa ulikuja na watu wote, na tepe, na vijana wa kucheka. Sasa kusema pole umekuja na njia ya punda. Kwani umeona hapa ndipo ulinitukania?"

Akasukuma ile mifuko ije kwangu.

"Beba hiyo sukari. Mama Chebet aniletee siku ingine yeye mwenyewe, hiyo nitakunywa. Yako hapana."

Nikauliza, "Kwa hivyo unahama?"

"Kitanda kimetangulia. Mimi nitafuata nikimaliza kuchuna hii mzunguko."

Nilirudi na njia ile ile ya punda, nimebeba mifuko, nikiomba nisikutane na mtu. Nilikutana na watu wawili. Wote walisalimia kwa heshima, na hiyo heshima ilinichoma kuliko matusi.

Mtauliza, sasa si ungeita mkutano? Wakuu, niliita mara nyingi kichwani. Kila mara nikifika pale pa kusema "nilijua", ulimi unakuwa mbao. Mtu akijijenga kutoka chini bila shule, jina ndiyo cheti chake. Wengine mkiaibika mnabaki na digrii. Mimi nilifikiri nitabaki na nini. Sisemi hivyo mnihurumie. Nasema mjue woga ulikuwa umeshika wapi.

Sevea akaja. Ni binti, wa umri wa watoto wangu, na kofia na buti. Akaanza barabarani kwa bikoni, ile alama ya mpaka ya serikali, akasimamisha mashine yake ya miguu mitatu, akapiga hesabu akija juu. Kokwet yote ilikuwa hapo, naibu wa chifu pia. Mama Kemunto alisimama kwa kona yake, ng'ambo, kikapu mgongoni kwa sababu ilikuwa siku ya gari la majani. Majembe ya vijana yalikuwa yamelala kwenye nyasi.

Yule binti akapita kwa geti langu. Akaenda mpaka kwa banda la ndama. Akapiga chini na buti.

"Mzee, hapa chini kuna nini?"

"Mavi," nikasema.

Vijana wakachimba. Haikuwa mbali. Simiti ndogo na chuma katikati, bikoni, imekaa tu pale.

Arap Rono akasema, "Kumbe huyu ndama amekuwa akilalia serikali."

Watu wakacheka, na mimi nikafungua mdomo. Nikasema ile nilikuwa nimepanga. "Eeh. Kumbe."

Nilisema vizuri. Wote waliamini.

Naibu wa chifu akanishika bega. Akasema, "Mzee hakujua. Kayaba zetu zote zinasonga, hata yangu. Hii si kitu cha kelele. Mzee apewe muda, hata mwaka, ahamishe ua pole pole. Tutaelewana."

Watu wakasema ni kweli. Mmoja akasema hata ndama ni mdogo, asisumbuliwe. Mwenye blue gum akasema mzee ametumikia kokwet. Hakuna mtu aliinama kuchukua jembe.

Nikaangalia ng'ambo. Mama Kemunto hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia yale majembe kwenye nyasi, jinsi yamelala.

Hapo ndipo aibu ilinishika, wakuu, kwa shingo. Kwa kosa lile lile, yeye alipata jembe siku ile ile, na mimi nikapata tutaelewana. Na yeye hata kosa hakuwa nalo.

Nikasema, "Nilijua."

Naibu wa chifu akasema, "Mzee, imeisha."

"Haijaisha. Nilijua. Asubuhi iliyofuata baada ya kung'oa chai ya huyu mama nilivipata visiki vya kayaba ya kwanza. Nikamwaga mavi juu nivifiche. Sasa hivi nimeshangaa uongo."

Arap Rono akanivuta shati. Akasema chini chini, "Nyamaza wewe. Umeshaokolewa."

Nikamwambia aniachilie. Nikatembea mpaka katikati ya uwanja, pale tepe ilipopita. Nikasema Mama Kemunto alituambia tuanzie kwake, na tungeanzia kwake tungeupata ukweli siku hiyo hiyo. Nikasema laini zake zilikuwa pale marehemu alizipanda. Nikasema kamba ilikuwa yangu, nilikumbuka hata siku hiyo.

Mama Kemunto akauliza kutoka kwa kona yake, "Na lile neno?"

Naibu wa chifu akauliza, "Neno gani?"

"Yeye analijua."

Nilitaka kulizunguka. Nilitaka niseme "maneno mabaya". Lakini aliniangalia, na vijana waliocheka siku ile walikuwa wananiangalia, na nikaona nikilizunguka wao watalibeba waende nalo.

Nikasema, "Nilimwita mtu wa kuja. Mbele yenu. Nikafanya mcheke. Neno hilo nalirudisha kwangu. Yeye hajasogea hapo alipo tangu siku walinunua. Sisi wengine wote hapa ndio tumekuwa tukisogea."

Sikulia, lakini haikuwa mbali.

Mama Kemunto alikaza kamba ya kikapu mgongoni. Halafu akasema, "Nimesikia."

Hiyo tu. Akageuka akaingia kwa chai yake, maana gari lilikuwa linakuja.

Siku hiyo hiyo nilichukua panga na glavu nikaanza kukata kayaba yangu mwenyewe. Vijana walitaka kunisaidia, nikakataa. Mama Chebet akaja na glavu zake bila kuitwa. Tulikata mpaka giza. Alisema kitu kimoja tu, "Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa na matunda matamu."

Banda la ndama nilibomoa. Kamati niliacha, sasa Arap Rono ndiye mbele, na mzaha umempungua kidogo. Mwenye blue gum aliambiwa ang'oe na ameng'oa, ana kinyongo na mimi, na hiyo nimekubali.

Nilienda Kedowa kwa nasari nikaleta miche ya chai ya kutosha laini mbili. Nilitaka kuipanda mimi. Mama Kemunto akasema, "Weka hapo kwa kivuli." Nikaweka. Aliipanda yeye na kijana wake, kwa kamba yao.

Imeshika. Naiona nikipita. Lakini miche ya chai haijui haraka ya mtu. Mpaka ifike mahali ya kuchunwa, mimi sijui nitakuwa juu ya udongo au chini.

Kuhama, bado hajahama. Anachuna, anaenda kanisani. Na Mama Chebet anakunywa chai huko kwake siku hizi. Mimi nikimsalimia anaitikia kama mtu anajibu mlango. Akinitangulia yeye kunisalimia, bado. Sijawahi kuona siku hiyo.

Funzo nililopata, nawapa bure. Ukipewa kazi ya kukagua watu, anzia kwa ua lako, na uingie ndani mpaka kwa visiki. Ukikosa mbele ya watu, usipeleke pole na njia ya punda. Na siku watu wako wakikuambia "tutaelewana", kabla hujashukuru, angalia nani hapo hakuambiwa hivyo.

Sasa nanyi semeni. Najua wengine mtanichapa, chapeni, nasoma yote. Lakini wale mmewahi kumkosea jirani mkiwa mbele ya umati, nawauliza swali la kweli: alikaa muda gani kabla akusalimie yeye wa kwanza? Na kama hakuwahi, niambieni pia.